Gari Linalochemsha Kila Baada ya Matengenezo: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Gari lilikuwa dogo, la petroli, lenye injini ya silinda nne: bloku ya chuma na juu yake silinda hedi (kifuniko cha silinda) ya aluminiamu. Malalamiko ya mwenyewe yalikuwa mafupi. Linachemsha, na kila likitoka gereji linachemsha vibaya kuliko lilivyoingia. Katika muda wa miezi michache lilikuwa limebadilishwa plagi, sensa ya joto na gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku), limesafishwa nozeli za kupulizia petroli, limeongezwa gesi ya kiyoyozi, na taa ya injini ilikuwa imezimwa kwa kompyuta zaidi ya mara moja. Mwenye gari ni muuguzi, na zamu za usiku zinamlazimu awe na usafiri wa uhakika. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba injini imechoka, atafute nyingine.

Injini haikuwa imechoka. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ukikifuata tangu mwanzo utaona kuwa matatizo yote yale yalikuwa tatizo moja dogo ambalo halikutafutwa, na kila tengenezo lililofuata lilikuwa linatibu madhara ya tengenezo lililotangulia.

Alichokiona mwenye gari

Kabla sijashika spana nilimwomba anisimulie. Mtu akifika kwa fundi wa pili, mara nyingi huanza na maneno ya fundi wa kwanza: walisema ni sensa, walisema ni gasketi.

"Mama, hayo waliyosema tuyaweke kando kwanza," nilimwambia. "Nieleze ulichokiona wewe, kabla gari halijaguswa na mtu."

Alikumbuka vizuri. Mshale wa joto ulikuwa ukipanda akiwa kwenye foleni na kushuka barabara ikifunguka. Kisha akaongeza jambo aliloona halihusiki: "Na AC nayo fundi, nikisimama ilikuwa haitoi baridi. Nikitembea inarudi."

Maneno hayo yalitosha kunionyesha pa kuanzia. Rejeta hupozwa na upepo. Gari likiwa kwenye mwendo upepo huingia wenyewe. Likisimama, feni ndiyo huuvuta. Kondensa ya kiyoyozi, inayopoza gesi yake, imefungwa mbele ya rejeta na hutegemea upepo huo huo. Gari linalochemsha likiwa limesimama tu, na kiyoyozi chake kikidhoofika saa ile ile, feni yake ndiyo ya kutazamwa kwanza. Lingekuwa linachemsha kwenye mwendo mkali au mlimani na kutulia kwenye foleni, ningeifikiria rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Kiyoyozi kingekuwa dhaifu muda wote, ningeifikiria gesi. Na kipimo cha feni hakihitaji kifaa chochote: washa injini, washa kiyoyozi, fungua boneti, angalia kama feni inazunguka. Kwenye magari mengi yenye feni ya umeme, kiyoyozi kikiwaka feni nayo huwaka.

Gereji ya kwanza haikufanya hivyo. Kiyoyozi kiliongezwa gesi, kana kwamba ni shida tofauti, na kwa upande wa joto yakafanywa mambo matatu ndani ya mchana mmoja: thamostati (vali ya joto la maji ya injini) ikatolewa na kutupwa, feni ikaungwa waya kutoka kwenye swichi ya ufunguo ili izunguke muda wote gari likiwa limewashwa, na kulanti, maji yenye dawa ya kupozea injini, ikamwagwa na kuwekwa maji matupu ya bomba. Mshale ukashuka. Mwenye gari akalipa, akaondoka ameridhika, na sina shaka fundi naye aliamini amefanya kazi nzuri.

Kilichoanza thamostati ilipotoka

Mazoea ya kutoa thamostati yana historia yake. Mafundi wengi walirithi kutoka kwa waliowafundisha, waliofanya kazi kwenye injini za kabureta zisizokuwa na kompyuta ya kulalamika. Injini ya namna hiyo ikiendeshwa ikiwa ya ubaridi-baridi itakula mafuta na itasagika haraka, lakini haitawasha taa yoyote, kwa hiyo ilionekana haina shida.

Thamostati hubaki imefungwa mpaka maji yafike joto lililokusudiwa, aghalabu kati ya nyuzi 82 na 95 za Selsiasi kutegemea injini, ndipo hufunguka na kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Ukiiondoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu injini inapowashwa, na injini inachelewa kupata joto lake au hailipati kabisa. Kompyuta ya injini inasoma sensa ya joto, inaona injini bado baridi, inaongeza petroli. Petroli hiyo ya ziada haiungui yote. Nyingine huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini. Nilipochomoa kijiti cha oili cha gari hili, harufu ya petroli ilikuwa dhahiri.

Wiki chache baada ya tengenezo la kwanza, mwenye gari aliona anajaza mafuta mara nyingi kuliko kawaida, na taa ya injini ikawaka. Kodi (namba ya hitilafu) iliyosomwa kwenye kompyuta ilikuwa P0128. Maana yake ni kwamba maji hayajafika joto ambalo thamostati inapaswa kulishikilia, ingawa injini imefanya kazi muda wa kutosha. Kompyuta ilikuwa inasema ukweli mtupu. Gereji wakaifuta kodi, wakabadilisha plagi na kusafisha nozeli kwa ajili ya ulaji wa mafuta. Ikarudi. Wakabadilisha sensa ya joto. Ikarudi. Risiti zote alikuwa nazo, na nikizisoma kwa mfuatano wa tarehe kilichonisikitisha ni kwamba jibu walikuwa nalo wenyewe: thamostati waliitoa kwa mikono yao. Huenda aliyeitoa siye aliyesoma kodi. Gereji isiyoandika ilichokifanya kwenye gari inalitibu gari kama geni kila linaporudi, na mteja ndiye anayelipia usahaulifu huo.

Kuna jambo la pili ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Kwenye injini nyingi, thamostati ina kisahani upande wa chini ambacho huziba njia ya mkato pale inapofunguka. Njia hiyo huyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na inatakiwa iwe wazi injini ikiwa baridi tu. Thamostati isipokuwepo, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi injini ikiwa vile vile ya moto. Kwa hiyo injini hiyo hiyo inaweza kuwa baridi mno asubuhi na kuzidiwa na joto mlimani. Injini ya gari hili ni ya namna hiyo.

Waya ule mmoja

Feni haikuwa imekataa kuzunguka bila sababu. Rilei yake ya awali (swichi ya umeme inayoiwasha feni), iliyokuwa bado imekaa mahali pake kwenye boksi la fyuzi, nilipoifungua niliona ncha zake za ndani zimeungua na kuwa nyeusi. Ni kifaa kidogo ambacho hubadilishwa kwa kuchomoa na kuchomeka. Ila rilei haiungui yenyewe. Nilibana mita kwenye waya wa mota ya feni, nikaiendesha kwa umeme wa betri, ikasoma zaidi ya ampea 20. Mota mpya ya aina hiyo hiyo tuliyoifunga baadaye ilivuta chini ya 11. Beringi za mota ya zamani zilikuwa zimekufa, ikawa inazunguka kwa shida na kuvuta umeme karibu mara mbili ya haki yake. Fyuzi ya ampea 30 haikukatika kwa sababu kiwango hicho bado kiko chini yake, lakini ncha za rilei ziliteseka kila feni ilipowaka, mpaka zikashindwa.

Kama gereji ya kwanza ingebadilisha rilei peke yake, ingeungua tena baada ya muda, nalo lingehesabiwa kuwa tatizo linalojirudia. Swali la "kwa nini hiki kimekufa?" lina faida hata pale unapokuwa tayari umekipata kilichokufa.

Sasa fikiria mota hiyo hiyo ikiungwa kwa waya mwembamba, bila rilei, bila fyuzi, kupitia swichi ya ufunguo ambayo haikutengenezwa kubeba mzigo wa feni, tena ikizunguka muda wote badala ya kwa vipindi. Ilichukua muda, lakini plastiki ya kiungio iliyeyuka na feni ikakatika. Ikawa foleni ndefu, gari lina maji matupu na feni imekufa. Mfuniko wa rejeta nao ulikuwa umechoka: umeandikwa bar 1.1, kipimo cha mgandamizo unaoushikilia, na nilipoupima ukaachia kwenye 0.6. Tofauti hiyo ni kubwa. Maji matupu chini ya mgandamizo wa bar 1.1 huchemka kwenye nyuzi kama 121, kwenye 0.6 huchemka kwenye 113. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ingevumilia zaidi ya hapo. Kila kinga ambayo gari lilitengenezwa nayo ilikuwa imeondolewa au imedhoofika, na safari hii mvuke ulitoka, kisha gasketi ya hedi ikaachia.

Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Injini ikizidiwa na joto, hedi inataka kutanuka kuliko bloku inavyoiruhusu, na hapo ndipo hupinda. Kwa sababu hiyo gasketi haibadilishwi hivi hivi. Hedi hupimwa kwanza kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, vijisahani vyembamba vya kupimia pengo. Ikizidi kiwango cha kitabu, hupelekwa kusawazishwa kwa mashine. Bolti za hedi za injini nyingi za sasa hufungwa hadi zinyumbuke, kwa hiyo hazirudiwi, au hupimwa urefu kabla ya kurudishwa. Hufungwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), na mara nyingi hatua ya mwisho ni ya kuzungusha bolti kwa digrii.

Gereji walibadilisha gasketi tu. Hakuna risiti ya kusawazisha hedi, hakuna bolti mpya. Waya wa feni ukabadilishwa ukawekwa mwingine mnene kidogo, bado moja kwa moja, bado bila fyuzi. Na thamostati bado haikurudishwa.

Nilivyolipima na mpangilio wa kazi

Lilipofika kwangu lilikuwa linapoteza maji bila kudondosha hata tone chini. Asubuhi ekzosi ilitoa moshi mweupe uliochelewa kuisha. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha, na kwangu hii ndiyo dalili nzito kuliko zote: maji hayajapata joto, basi mgandamizo huo umetoka wapi kama si kwenye chumba cha mwako? Nilithibitisha kwa dawa ya kupimia gesi ya mwako, ile ya buluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, kuna gesi ya ekzosi ndani ya maji. Iligeuka.

Mwenye gari alidhani tutaanza na hedi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeharibika waziwazi. Nilikataa. Tukianza na hedi tutaipa gasketi mpya injini ambayo bado haina feni ya kuaminika, na hicho ndicho kilichofanyika mara ya mwisho. Nilianza na kuondoa kila kilichoongezwa na kurudisha kila kilichotolewa: waya wa moja kwa moja ukang'olewa, kiungio kikabadilishwa, rilei mpya, mota mpya, mfumo wa feni ukafanya kazi kama mtengenezaji alivyoupanga. Ukipewa gari lililounganishwa na watu tofauti, huwezi kutofautisha ugonjwa na matengenezo mpaka ulirudishe kwenye hali yake ya asili. Inaonekana kama kupoteza muda. Kwa maoni yangu ndiyo hatua inayookoa muda kuliko nyingine zote.

Baada ya hapo hedi ilifunguliwa. Rula na fila geji zilionyesha pengo la milimita 0.12 kati ya silinda ya pili na ya tatu, na kitabu cha injini ile kinaruhusu 0.05. Bolti mbili zilikuwa zimevuka urefu wa mwisho. Hedi ikasawazishwa, ikapimwa kama haina ufa, bolti zote zikawa mpya. Thamostati ikarudi, kitundu chake cha kutolea hewa kikielekezwa juu. Mfumo wa maji ukasafishwa, maana maji ya bomba yalikuwa yameacha kutu na magadi. Kisha kulanti iliyoidhinishwa kwa injini ile, mfuniko mpya, oili mpya na filta.

Kutoa hewa kwenye mfumo ni kazi ambayo wengi huifanya kwa haraka, na hewa iliyobaki inaweza kuifanya hedi iliyotengenezwa vizuri ionekane imeshindwa. Tuliinua upande wa mbele wa gari, tukafungua hita hadi mwisho ili maji yapite na huko, tukaacha injini iungurume huku mfuniko ukiwa wazi mpaka thamostati ilipofunguka, feni ikawaka na kuzima yenyewe, na mapovu yakaisha. Ndipo likatoka barabarani, kompyuta ikiwa imechomekwa, nikiyatazama joto na mafuta yanavyokwenda.

Kurudi kwenye gereji ya kwanza

Mwenye gari alitaka kudai kila senti. Nilimwelewa, lakini tulikaa tukatenganisha mambo. Mota ya feni ilichakaa yenyewe. Gharama hiyo ilikuwa yake tangu siku ya kwanza, hata kama gereji ile wangekuwa hodari kiasi gani. Plagi ni kifaa cha kuchakaa, na hizo mpya bado anazitumia. Lakini sensa ya joto ilibadilishwa kwa kodi waliyoisababisha wao. Gesi iliongezwa kwenye kiyoyozi ambacho hakikuwa na upungufu. Na kazi ya hedi ilifanywa bila kipimo, juu ya uharibifu uliotokana na waya wao. Dai lililotenganishwa hivyo ni gumu kulipinga. Dai la "mmeniharibia gari" hujibiwa kwa sentensi moja: gari lenyewe la zamani.

Nilimwandikia ripoti fupi: nilichokuta, nilichopima, namba zake, pamoja na picha za waya, kiungio kilichoyeyuka, bolti na rula juu ya hedi. Vipuri vya zamani alivichukua kwenye mfuko. Naye alikuwa na silaha iliyo bora kuliko ripoti yangu, jumbe za simu ambamo fundi wao alimwandikia: "tumetoa thamostati na feni tumeipiga dairekti, haitachemsha tena." Bila ujumbe huo ingekuwa neno lake dhidi ya lao.

Mkuu wa gereji alianza kwa kusema gari lina umri. Alipowekewa karatasi mezani akaita fundi wake, wakaongea pembeni, na mwishowe wakakubali kurudisha ufundi wote wa hedi na gharama ya sensa. Gasketi na gesi walikataa. Mwenye gari alikubali, na naona alifanya vema. Kilichobaki kisingetosha kulipia siku za kazi ambazo angezipoteza akikifuatilia.

Awali, kabla sijaanza kazi ya hedi, walikuwa wameomba pia gari lirudi kwao walitengeneze bure. Aliniuliza ushauri. Sina kanuni ya kumkimbia fundi aliyekosea mara moja; fundi anayekosea, akaeleza kwa nini, akarekebisha, ni wa kubaki naye. Kipimo changu ni maelezo. Nilimwambia awaulize swali moja: kwa nini rilei ya kwanza iliungua? Walijibu kwamba rilei huungua tu. Hakulipeleka.

Lilivyo sasa

Wiki ya kwanza kulanti ilishuka kidogo kwenye tangi la akiba, mwenye gari akashtuka na kunipigia. Nilimtarajia. Hewa ndogo iliyojificha kwenye hita ilikuwa imetoka. Tukajaza hadi mstari, na haijashuka tena. Dawa ya kupimia gesi imebaki buluu. Joto linakaa pale linapotakiwa kwenye foleni na mlimani, kiyoyozi kinatoa baridi gari likiwa limesimama, na P0128 haijaonekana. Oili niliibadilisha mapema kuliko ratiba, kwa ajili ya masalia ya petroli na unyevu, na ile iliyotoka haikuwa na harufu wala utelezi wa rangi ya maziwa.

Jambo moja bado liko wazi. Kigeuzi kichocheo cha ekzosi, kifaa kinachosafisha moshi, kilipitishiwa petroli ya ziada kwa miezi na mvuke wa maji kwa wiki kadhaa, na vyote viwili hukiumiza. Sensa ya oksijeni iliyo nyuma yake inasoma kwa utulivu unaotakiwa na hakuna kodi ya P0420, ile ya kigeuzi kudhoofika, kwa hiyo sikukibadilisha. Sibadilishi kifaa cha bei ile kwa hofu tu. Kwenye sevisi ijayo tutachomeka kompyuta, tutalinganisha mawimbi ya sensa ya mbele na ya nyuma na yale niliyoyahifadhi siku gari lilipotoka, na kama ya nyuma yameanza kuyafuata ya mbele, mwenye gari ataonyeshwa michoro yote miwili kabla ya kuombwa chochote.